Wangapi kwa Wakati Mmoja? Namna ya Kukadiria Uwezo wa Seva kwa Matangazo na Mazungumzo ya Video

Mada iliyotolewa na Kamati ya TEKNOHAMA mbele ya wajumbe wa Bodi na waratibu wa vituo, Mbinga. Imefupishwa kidogo.



Mmetupa nafasi tuzungumzie jambo moja lililomo katika makisio ya fedha yaliyo mbele yenu. Ni ombi la kununua seva kubwa na kuiweka hapa ofisini Mbinga, ili tuweze kurusha matukio na semina moja kwa moja kwa video, na kuzungumza kwa video na vituo vyetu hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Ombi hilo liliandikwa na kamati yetu wenyewe. Leo tumekuja kuwaomba msilipitishe, na ni wajibu wetu kueleza sababu.

Tuanze na aibu yetu. Mwaka juzi alifariki mzee mmoja aliyeheshimika sana katika kijiji kimoja cha mwambao. Watoto na wajukuu wake wametawanyika: wako Dar es Salaam, wako Mbeya, wengine wako ng'ambo ya ziwa huko Malawi. Si wote wangeweza kuwahi mazishi, hivyo wakatuomba tuwarushie, nasi tukakubali kwa moyo mkunjufu. Kijana wetu alishuka ziwani na kamera. Picha ikawa inakuja kwa njia ya simu hadi kwenye kompyuta ya hapa ofisini, na kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwagawia watazamaji. Asubuhi walikuwa watatu, mambo yakaenda vizuri, hata tukapongezana. Saa nane mchana, mwili ulipotolewa ndani, picha iliganda kwa kila mtu. Binti wa marehemu alitupigia simu jioni. Hakugomba. Alisema aliliona jeneza likitoka mlangoni, kisha kile kiduara kikazunguka tu kwenye kioo mpaka giza likaingia. Akauliza kama baba yake amelazwa upande ule ule alikolazwa mama.

Sisi tulidhani kompyuta ndiyo iliyokuwa dhaifu, na ndiyo maana tukaandika ombi la seva kubwa. Ni baada ya kukaa chini na karatasi na kalamu ndipo tulipogundua kwamba kompyuta haikuwa na kosa lolote. Siku ile ilikuwa ikitumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Kosa lilikuwa hesabu ambayo hatukuifanya.

Hesabu yenyewe si ngumu kuliko ile ya kugawa mbolea kwa wanakikundi. Kwanza tuelewane kuhusu vipimo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Bando la simu hupimwa kwa megabaiti, lakini kasi ya laini hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Anayechanganya maneno haya mawili anakosea mara nane, na kosa la mara nane si dogo. Picha ya video ya wastani, inayotosha kumtambua mtu usoni kwenye simu, huchukua kama kilobiti 800 kwa sekunde. Picha hafifu lakini inayoeleweka huchukua kama 300. Sauti peke yake, ikiwa imebanwa vizuri, huridhika na 32.

Sasa, kamera iliyoko kijijini hupeleka mkondo mmoja tu. Haijui kama watazamaji ni watatu au elfu tatu. Anayebeba mzigo wa wingi ni seva, kwa sababu kila mtazamaji lazima apewe nakala yake. Kwa hiyo unachukua idadi ya watazamaji wa wakati mmoja, unazidisha kwa kilobiti za kila mmoja, na hilo ndilo pato linalotakiwa kutoka mlangoni mwa seva. Tulipima laini ya ofisi yetu: ilikuwa ikishusha megabiti 20 kwa sekunde, lakini ikipandisha 4 tu. Laini nyingi huwekwa hivyo kwa kuwa wateja wengi hupokea zaidi kuliko wanavyotuma. Megabiti 4 ni kilobiti 4,000. Gawanya kwa 800, unapata 5.

Watu watano, ndugu wajumbe! Na kundi la WhatsApp la ukoo ule lilikuwa na watu 180. Walipoingia wote, kila mmoja alibakiwa na kilobiti kama 22 kwa sekunde, ambazo hazitoshi hata sauti. Ndiyo maana hakuna aliyepata chochote, hata wale watatu wa asubuhi.

Hapa Mbinga ukitaja CPU, watu hawafikirii kompyuta. Wanafikiria mtambo wa kati wa kumenya kahawa. Mfano huo unatufaa sana. Nunua mtambo mkubwa kuliko wote wilayani, lakini kama njia ya kutoka kiwandani inapitisha pikipiki moja moja, magunia yatarundikana mlangoni. Seva tuliyoomba ingekuwa mtambo wa namna hiyo. Ingekaa hapa ofisini, nyuma ya laini ile ile ya megabiti 4, na watazamaji wake wangebaki wale wale watano.

Msituelewe vibaya, CPU ya kompyuta nayo ina kazi yake. Kunakili mkondo na kuupeleka kwa watu ni kazi nyepesi, na kompyuta ya kawaida inaweza kuwahudumia mamia. Kazi nzito ni kuipika picha upya, yaani kuipokea ikiwa ya kilobiti 800 na kutengeneza kutoka humo nyingine ya 300. Hiyo hutumia nguvu nyingi kila sekunde. Lakini angalieni jambo hili: upishi hufanyika mara moja kwa kila ukubwa, wawe watazamaji kumi au elfu moja. Kwa hiyo nguvu ya mashine hukadiriwa kwa idadi ya aina za picha, na upana wa laini hukadiriwa kwa idadi ya watu. Sisi tulikuwa tumezigeuza. Kwa mahitaji yetu aina tatu zinatosha: ya 800, ya 300 na ya sauti tupu, na simu ya mtazamaji huchagua yenyewe kulingana na hali ya mtandao wake. Kuhifadhi kumbukumbu ndiko rahisi kuliko vyote. Saa tatu za mazishi kwa kilobiti 800 ni gigabaiti moja na kidogo.

Tukirudia hesabu ya siku ile kwa picha ya 300, watu 180 wanahitaji megabiti 54 kwa sekunde. Laini haijazwi mpaka ukingoni, kwa sababu vipande vya data vina vifungashio vyao, na vingine hupotea vikatumwa tena. Sisi tunapanga laini ijae asilimia 70 tu. Gawanya 54 kwa 0.7, unapata kama 77. Seva ndogo ya kukodi Dar es Salaam yenye laini ya megabiti 100 ingemaliza kazi, na ingekodiwa kwa siku zile tu inapohitajika. Kutoka hapa hadi huko tungepeleka mkondo mmoja wa kilobiti 800, ambao hata laini yetu ya sasa inauweza.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika makisio kwa sababu hailipwi na ofisi. Mtazamaji wa picha ya 800 hutumia megabaiti 360 kwa saa. Kwa saa tatu, anayemlilia baba yake ameshamaliza gigabaiti moja ya bando. Kwa picha ya 300 ni megabaiti 405, na kwa sauti tupu ni 43. Tunaomba kila mratibu anayedai picha ing'ae kama ya televisheni akumbuke nani anailipia.

Swali gumu zaidi ni lile la idadi. Wangapi kwa wakati mmoja? Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu wingi wa simu zinazopigwa, na miaka iliyofuata akaonyesha namna ya kujua laini ngapi zinatosha ili wateja wasikwame ovyo. Tangu mwaka 1946 kipimo cha wingi wa simu kinaitwa kwa jina lake. Msingi wake unaeleweka: zidisha watu wanaoingia kwa muda wanaokaa. Kama watu 600 watafungua matangazo yetu katika muda wa saa tatu, na kila mmoja akikaa nusu saa, basi kwa wastani wako 100 kwa wakati mmoja.

Lakini hesabu ya Erlang ilidhani kwamba wapiga simu hawajuani, kila mmoja anapiga kwa haja zake. Wafiwa wanajuana. Ujumbe mmoja kwenye kundi, "wanatoa mwili", huwaleta wote ndani ya dakika mbili. Kwa hiyo kwa semina ya kilimo tunaweza kukadiria kwa wastani na kuongeza nusu yake. Kwa mazishi, harusi na upadirisho tunahesabu kundi zima, tena tunaongeza wale watakaotumiwa kiungo na ndugu zao. Wakubwa nao walishikwa na wimbi la namna hii. Zoom ilitangaza kwamba Desemba 2019 washiriki wa mikutano yake kwa siku walifika kama milioni 10, na Machi 2020, dunia ilipojifungia kwa korona, wakazidi milioni 200. Wao walikuwa na fedha za kuongeza seva usiku kucha. Sisi hatunazo.

Kutokana na hilo tunapendekeza kikomo. Meli ya MV Mbeya II inayopita bandari zetu za ziwani ilijengwa kwa abiria 200, na anayefika wa 201 husubiri safari nyingine. Seva nayo iwekewe kikomo kilichopimwa. Anayekuja baada ya kujaa apewe sauti, na aambiwe waziwazi kwamba picha imejaa. Kwa wengine kati yenu hili linaweza kuonekana kama ubaguzi. Tumelijadili sana katika kamati, na bado tunaona afadhali watu 150 waone na 30 wasikie, kuliko wote 180 kutazama kiduara.

Sasa tuje kwenye mazungumzo ya video, ambayo wengi huyachukulia kuwa ni kitu kile kile. Sivyo. Katika matangazo mmoja anasema na wengine wanatazama. Katika mazungumzo kila mmoja anatuma na kila mmoja anapokea. Wakiwa wanne bila seva katikati, kila simu hutuma nakala tatu, jumla mikondo 12. Wakiwa kumi, mikondo 90, na simu ya kijijini haiwezi kupandisha nakala tisa. Ndiyo maana programu kama Jitsi huweka seva katikati: kila mtu anatuma mkondo mmoja tu, na seva inagawa. Afueni hiyo ni ya mtumaji peke yake. Seva bado inatoa mikondo 90. Kwa kilobiti 500 kila mmoja, ni megabiti 45 kwa sekunde kwa kikao cha watu kumi. Wakiwa 20 mikondo ni 380, yaani megabiti 190. Watu wameongezeka mara mbili, mzigo umeongezeka zaidi ya mara nne! Na kila mshiriki, pamoja na mratibu aliyeko Lituhi, atatakiwa kushusha megabiti 9.5 kwa sekunde muda wote wa kikao.

Dawa yake ni nidhamu. Kikao cha watu 20, kamera ikiwaka kwa msemaji mmoja tu, kina mikondo 19 ya picha, ambayo ni megabiti 9.5 kwa seva nzima. Tunajua mnapenda kuonana nyuso, na dakika mbili za salamu kamera ziwashwe. Kisha zizimwe.

Aidha, mazungumzo hayavumilii kuchelewa. Matangazo yakichelewa sekunde 20 hakuna anayejua. Lakini sauti ikichelewa zaidi ya sehemu 150 za elfu ya sekunde kwenda upande mmoja, watu huanza kukatizana maneno. Ndani ya nyuzi za mkongo mwanga husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, umbali wa kilomita 10,000 kwa njia ya baharini, sauti imeshapoteza sehemu 50 kabla ya foleni za njiani, na mtu wa Liuli anayeongea na mtu wa Mbinga huenda Ulaya na kurudi. Hii ni sababu ya kukodi Dar es Salaam na si nje. Sababu nyingine mnaikumbuka. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikawa taabu nchi nzima. Siku kama hiyo seva iliyoko ndani ya nchi ina nafuu, kwa kuwa data kati ya Mbinga na Dar es Salaam haina haja ya kuvuka bahari.

Kuna mazungumzo ya watu wawili ambayo tunayapa uzito kuliko vikao vyetu vyote: mhudumu wa zahanati ya mwambao anayetaka kumwonyesha daktari wa Litembo au Liuli kidonda au mtoto anayehema kwa shida. Hapa mzigo ni mdogo, kilobiti 500 kwenda na 500 kurudi. Mara nyingine simu mbili huunganishwa moja kwa moja bila kuigusa seva. Lakini mitandao ya simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, na simu zikishindwa kuonana, seva ya katikati hulazimika kupokezana mikondo yao. Katika makadirio tumehesabu kwamba simu zote za namna hii zitapita kwenye seva, na tumezitengea nafasi ambayo hakuna tukio lolote linaloruhusiwa kuichukua, hata liwe kubwa namna gani. Zahanati nne zikipiga kwa pamoja ni megabiti 4 za kuingia na 4 za kutoka. Ni kidogo, lakini lazima ziwepo saa yoyote.

Tumebakiza upande wa mpokeaji. Mnara wa simu wa kijiji ni wa wote. Watu 60 wa kijiji kimoja wakifungua semina ya kahawa kila mmoja kwa simu yake, mnara unaweza kuzidiwa hata kama seva iko shwari. Wakikaa ukumbini mbele ya ukuta mweupe na projekta moja, wale 60 ni mtazamaji mmoja tu katika hesabu yetu. Vituo kumi vya namna hiyo ni mikondo kumi, watu mia sita, na kwa picha nzuri ya 800 ni megabiti 8. Na picha nzuri inahitajika. Mkulima anataka kuona tofauti ya chulebuni kwenye punje na kutu kwenye jani, na kwa kilobiti 300 doa la chulebuni na kivuli hufanana.

Tena semina hizo zina haja gani ya kurushwa moja kwa moja? Maswali ya wakulima yanahitaji majibu ya papo hapo, ndiyo, lakini somo lenyewe linaweza kurekodiwa. Flashi ya gigabaiti 32 ikipanda basi asubuhi hapa Mbinga na kushuka zile kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay kwa saa mbili, imesafiri kwa kasi ya megabiti 35 kwa sekunde, bila kukwama na bila bando. Laini yetu ya kupandisha ni megabiti 4. Somo lishuke kwa basi, kisha tuwe na nusu saa ya maswali kwa video.

Kabla ya kuamini karatasi hizi tunataka kupima. Tumeomba vijana 20 wa kwaya wafungue matangazo ya majaribio kwa dakika moja, wote kwa pamoja, tuangalie ni kipi kinajaa kwanza: laini, mashine, au mnara. Baadaye kompyuta moja itajifanya watazamaji 200. Tutafanya hivyo saa za jioni ambapo mtandao una watu wengi, maana kipimo cha alfajiri humpendeza mpimaji tu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, maombi yetu ni haya. Fedha za seva zisitolewe kwanza. Sehemu ndogo ikodi seva Dar es Salaam kwa miezi mitatu, na sehemu inunue projekta kwa vituo ambavyo havina. Kila mratibu achukue fomu iliyoko mezani, aandike wangapi huhudhuria kituoni kwake, kasi ya mtandao aliyopima mchana na aliyopima jioni, na kama umeme hukatika mara kwa mara. Tafadhali msiandike kasi iliyotangazwa kwenye bango la kampuni, andikeni mliyoipima. Fomu zirudi kabla ya msimu wa kuchuma kahawa, kwa sababu kuanzia Juni hatutampata mtu ukumbini.

Kuhusu yule binti, kadi ya kamera ilikuwa na mazishi yote, tangu mlangoni hadi kaburini. Tuliinakili kwenye flashi na kumpelekea Dar es Salaam kwa basi.